Mpwa Wangu, Anza na Jagi la Maji

Dearborn, Michigan
Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, wasalimie wote hapo Tanga, bibi kwanza. Umeuliza kwa nini Wamarekani wanayalilia magari ya zamani, na uangalie nini ukiletewa Mustang ya 1965, lile gari la Ford. Swali la pili ndilo la fundi, nitakaa nalo zaidi.

Mustang ilizinduliwa 17 Aprili 1964, bei ya kuanzia dola 2,368, na siku hiyohiyo maagizo yalipita 22,000. Chini ya bati ni Ford Falcon, gari la kawaida la familia. Walicholivisha ni boneti ndefu, kitako kifupi na orodha ndefu ya vikorombwezo: silinda sita au V8, gia za mkono au otomatiki, mnunuzi anajichagulia. Kijana wa mshahara mdogo akapata gari lisilofanana na la jirani. Kufikia Machi 1966 yalishatoka milioni moja. Na kiwanda kiliingia hata kwenye muziki: Berry Gordy alifanya kazi Lincoln-Mercury, tawi la Ford, kwenye laini ya kuunganisha magari, kabla ya kuanzisha Motown, kampuni ya kurekodi muziki, mwaka 1959, na utaratibu ule akauhamishia studio. Tangu 1995, kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, barabara ya Woodward, hapa Detroit, hujaa magari haya, na watu hupanga viti vya kukunja pembeni kuyatazama yakipita.

Sasa gerejini. Rangi isikudanganye. Chukua jagi la maji, mimina polepole kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Mwenzako alale ndani na tochi, aangalie juu chini ya dashibodi. Maji yanatakiwa yatokee pembeni, nyuma ya madigadi ya mbele. Yakidondoka miguuni, sanduku la hewa, lile lililo chini ya matundu hayo, limeoza. Majani na vumbi hujikusanya humo, vikashika unyevu, na kingo za matundu ya hewa zikaliwa na kutu. Huku ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, kwenu ni ya bahari. Kazi ni ileile. Kulitengeneza ni kutoboa nukta nyingi za kuchomelea, kufungua bati lote la juu na kulirudisha. Anayekuambia atapaka silikoni, mwache aende zake.

Ubaya ni kwamba gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Sakafu ndiyo mfupa. Ikioza, milango inaanza kugoma kufunga. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa sehemu za chini. Isiponata, hapo kuna puti, ile ya kuzibia bati lililooza.

Injini ya V8 ya 289, yaani ya inchi za ujazo 289, ni rafiki ya fundi. Nafasi ya platini, zile ncha zinazokata umeme wa moto, iwekwe inchi 0.017, wakati ulimi wake umekaa juu kabisa ya pembe ya kemu ya distribyuta. Plagi 0.034. Paka grisi kwenye kemu kiasi cha kichwa cha kiberiti, isizidi. Ikikauka, ulimi unalika, nafasi inafunga, moto unachelewa, na gari linachemka bila nguvu. Wengi hukimbilia radieta bure. Platini zikiungua mapema, badilisha kondensa. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na silinda ya kwanza hadi ya nne zipo upande wa kulia. Aliyezoea Chevrolet huhesabu tofauti, na hapo ndipo waya hupishana, injini ikakohoa kwenye kabureta.

Mipira ya petroli ya zamani itoe yote. Petroli yenye ethanoli huilainisha kwa ndani, na vipande vyake huziba jeti.

Breki usizichezee. Hadi modeli ya 1966 masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina chumba kimoja kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali inazama mpaka chini. Funga ya vyumba viwili, kama ya modeli ya 1967, lakini hakikisha ni ya dramu kama gari ni la dramu. Ya dramu ukiifunga kwenye diski, breki zinabaki zimebana.

Fila geji ya inchi, ya kupimia nafasi hizo, nitakutumia na mgeni wa Desemba. Ile yako ya milimita itakuchosha kwa hesabu.

Mjomba wako