Pesa za mtoto si pesa za mama yake

Mhariri,

Huu ni mwaka wa kumi na moja nalisoma gazeti lako nikiwa huku Leicester, na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya Waswahili wa Uingereza na msaada wa serikali ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mliandika kwamba mtoto akiweka akiba benki, mama yake hukatwa msaada. Mkaishia hapo.

Si kweli. Anayeomba Universal Credit, yaani msaada wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, huulizwa akiba yake na ya mwenzi anayeishi naye. Pesa za mtoto zilizo katika akaunti ya jina la mtoto hazimo. Junior ISA, akaunti ya akiba ya mtoto ambayo haiguswi mpaka mtoto atimize miaka 18, haimo. Kinachohesabiwa ni cha mzazi. Ukiwa na paundi 6,000 au chini yake, hukatwi. Ukizidisha, kila paundi 250, au hata kipande chake, hukupunguzia paundi 4.35 kwa mwezi. Ukipita 16,000 hupati kitu.

Nayajua haya kwa sababu yamenifika. Binti yangu alikuwa akiweka mkono wake wa Idi katika kopo la maziwa juu ya kabati. Kila sikukuu tulizimwaga kitandani tukahesabu, naye akaandika katika daftari: Ami, 10. Bibi wa ghorofa ya chini, 2. Kopo lilipojaa nilikwenda benki. Cheti chake cha kuzaliwa sikuwa nacho siku ile, na karani akaniambia nifungue tu kwa jina langu, ni yale yale. Sikuyatilia shaka. Miaka ikapita, zikafika 2,240. Mimi nami nilikuwa nimedunduliza 4,900 za nauli ya watu wanne kwenda Tanga. Zangu peke yake zisingefika popote. Zilipojumlishwa zikawa 7,140, nikakatwa 21.75 kila mwezi, yaani mchele wa mwezi mzima nyumbani kwangu. Nilimwambia afisa kwenye simu kwamba zile ni za mtoto. Akaniuliza akaunti ina jina la nani. Nikamwambia kuna daftari. Hakuna aliyetaka kuliona daftari.

Sasa sikiliza habari yenu ilivyofanya. Jirani yangu aliisoma Ijumaa usiku. Jumatatu asubuhi alikwenda benki akatoa akiba yote ya mwanawe, paundi 3,100, pesa zilizokaa salama kwa jina la mtoto na ambazo hakuna aliyekuwa akiziuliza, akazitia katika akaunti yake mwenyewe ili, kama alivyoniambia, jina la mtoto lisionekane! Yaani alizitoa mahali zisipohesabiwa akazipeleka pale pale zinapohesabiwa, kwa sababu gazeti lake analoliamini, la lugha yake, lilimtia hofu na halikumweleza. Mwingine amenunua bangili za dhahabu kwa pesa zake mwenyewe akidhani amezificha, na wala hajui kwamba ukitumia pesa zako makusudi ili upate msaada, wanaweza kukuhesabia kama bado unazo. Hawa si wezi, Mhariri. Ni kina mama wanaofagia maofisi usiku. Mliwaandika kama watu waliokamatwa.

Na kuna jambo jingine linaloniuma. Huyo jirani alipowapigia simu watu wa msaada kueleza, aliyezungumza ni mwanawe wa miaka 11. Aliitwa aache kazi yake ya shule aje kumfasiria mama yake habari za pesa zake mwenyewe. Nilikuwepo. Alikwama, hakujua Kiswahili cha neno aliloambiwa, akamtazama mama yake, mama yake akanitazama mimi. Mkalimani yupo, ukimwomba unapewa bila malipo. Lakini sisi tunaona haya kumwomba, tunaona mtoto anatosha. Hilo nalo hamkuliandika.

Ninachotaka ni kisanduku kimoja. Kitokee kila mwaka katika kumi la mwisho la Ramadhani, ukurasa ule ule wa nyakati za swala, maana ndiyo siku tunazousoma ukurasa huo mara tano. Na wiki moja kabla ya Krismasi, kwa wenzetu. Kiseme: fungua kwa jina la mtoto, chukua cheti chake cha kuzaliwa, usichanganye na zako, ukipiga simu, omba mkalimani wa Kiswahili. Herufi ziwe kubwa, wapo wasiokuwa na miwani.

Pesa za yule kijana bado zimo kwa mama yake. Jumanne nakwenda nao benki wote wawili. Cheti ninacho mimi, nimekiweka mkobani tangu jana.

Mama wa watoto watatu,
Leicester, Uingereza