Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU: kimbweta kiingie darasani

Kwako Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: UFUNDISHAJI WA UHANDISI NA ALAMA 60 ZA MTIHANI WA MWISHO (UE)

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Kila vyuo vinapofunga mwaka napokea saiti vijana wa PT, yaani mafunzo kwa vitendo, kutoka vyuo mbalimbali, wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Wana akili, na siwapambi: hesabu wanazozifanya wao mimi nyingine nimeshazisahau. Kinachoniumiza ni jinsi akili hiyo inavyofundishwa, na ndiyo maana nakuandikia wewe, maana ithibati ya programu iko mikononi mwa Tume yako.

Chukua zege. Kijana wa mwaka wa tatu ukimuuliza kipimo cha slampu atakumwagia chote: koni ya urefu wa milimita 300, jaza tabaka tatu, kila tabaka lishindilie kwa fimbo mara 25, inua koni, pima zege limeshuka kiasi gani. Atakutajia kyubu, vile vipande vya zege vya milimita 150 kila upande, vinavyovunjwa siku ya 7 na siku ya 28 kupima nguvu. Uwiano wa maji na saruji anao kichwani. Sasa usiku mvua imepiga na rundo la mchanga limelowa mpaka chini. Asubuhi yake lita za maji zimeandikwa kwenye karatasi, naye anasimamia zimiminwe zote kama zilivyoandikwa. Zege linatoka uji. Fundi wa mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, aliyeishia darasa la saba, alishajua kabla ya kuwasha mashine kwamba mchanga ule umekuja na maji yake, na angeachiwa angepunguza ndoo bila kuulizwa na mtu.

Usidhani kijana hajui hesabu ya kutoa unyevu wa mchanga. Anaijua, ilikuwemo kwenye desa, yaani notsi anazokariri. Tatizo ni kwamba kwenye UE unyevu unaandikwa ndani ya swali, asilimia kadhaa, tayari. Saiti hakuna anayekuandikia. Ni lazima wewe mwenyewe ushtuke kwamba kuna swali.

Huko kushtuka ndiko uhandisi wenyewe, na mfumo wetu haukupi alama kwa kushtuka. Katika vyuo vyetu vingi mtihani wa mwisho hubeba alama 60 kati ya 100, na zile 40 za muhula nazo huliwa zaidi na majaribio ya kukaa na karatasi. Mwanafunzi si mjinga, anakokotoa. Anatafuta mitihani ya miaka iliyopita, anaangalia maswali yanayojirudia, anakesha nayo. Akizubaa anakula sapu, mtihani wa marudio. Sapu zikizidi ni disko, kuondolewa chuo, na disko maana yake bumu, pesa ya mkopo wa masomo, limekatika na safari ya kurudi nyumbani imeanza. Mwambie huyo atumie wiki tatu kuhangaika na mchanga uliolowa kwa sababu kuna faida maishani, atakuitikia kwa adabu na kurudi kwenye desa lake. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Lakini liko darasa moja linalofundisha vizuri mno katika vyuo vyetu, na haliko kwenye mwongozo wowote wa Tume. Ni diskasheni ya usiku kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vya nje wanakosomea wanafunzi. Wanakaa watano au sita, mmoja kashika kalamu, anaeleza kwa nini nondo za bimu ndefu hukaa chini katikati lakini zikifika juu ya nguzo huhamia upande wa juu. Anaeleza kwa Kiswahili. Mwenzake anamkatiza: hapo umeruka, rudia. Anarudia, anakwama, anachukua rula ya plastiki anaikunja ili waone upande unaovutwa na upande unaobanwa. Wa tatu anauliza swali ambalo mhadhiri asubuhi asingeulizwa, kwa sababu asubuhi ukumbini kulikuwa na watu mia tatu, mhadhara ulikuwa wa Kiingereza, na nani anataka kuchekwa? Pale kimbweta ndipo somo linapoingia. Ukumbini walinakili tu.

Wenzetu walioitwa wabunifu wa ufundishaji walichofanya, kwa sehemu kubwa, ni kuichukua diskasheni na kuiingiza ndani ya kipindi. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza mwaka 1991, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake wa fizikia wanafaulu maswali ya hesabu huku dhana zenyewe hawajazishika. Akapunguza kuhutubia. Anatoa swali moja la kufikirisha, kila mtu anajibu peke yake, kisha anageukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, halafu wanajibu tena. Hapo hakuhitajiki kompyuta wala msaada wa mfadhili. Vidole vinatosha kuhesabia majibu. Ukumbi wa watu mia tatu hauzuii kitu. Na hao majirani wakibishana kwa Kiswahili, hasara iko wapi? Watarudi kwenye Kiingereza wakati wa kuandika.

Najua wahadhiri wetu wapo watakaosema hizo ni mbwembwe. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha madarasa ya sayansi, uhandisi na hisabati. Waliofundishwa kwa mihadhara peke yake walifeli kwa wastani wa karibu asilimia 34. Waliofundishwa kwa kushirikishwa, asilimia 22. Hizo ni tafiti za kwao, sawa. Ila sioni sababu ya ubongo wa kijana wa Kitanzania kufaidika na kunyamaza kuliko wa wengine.

Hatua kubwa zaidi ni mradi. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, tangu kilipoanzishwa mwaka 1974 kimejengwa juu ya miradi ya vikundi, na hadi leo karibu nusu ya muhula ni mradi, nusu nyingine kozi za kawaida zinazoulisha mradi huo. Najua utaniambia nasi tuna mradi wa mwaka wa nne. Upo, lakini umechelewa, na mara nyingi kila mtu na wake, wakati saiti hakuna kazi hata moja ya mtu mmoja.

Sisi hata matatizo ya kufundishia hatuhitaji kuagiza nje. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, unakatiza katikati ya Dar es Salaam, na mvua zikizidi Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na mwendokasi unasimama. Wape wanafunzi wa mwaka wa pili Jangwani kwa muhula mzima. Waanze na swali lisilo na namba: maji haya yanatoka wapi, na mbona yanaongezeka? Watalazimika kwenda kupima, kutafuta takwimu za mvua, kuchota mchanga unaojaza mto, kuhesabu chupa za plastiki kwenye makalavati, kuongea na mama anayeuza chakula pale ambaye anajua maji yalifika dirisha gani na mwaka gani. Hidrolojia wataisoma kwa sababu wamekwama bila hiyo. Wachanganye na wenzao wa upimaji ardhi na wa mazingira. Atakayetoka hapo, mchanga uliolowa hautampita.

Kuna hofu ya wale wanaopanda mgongo wa wenzao, na ni hofu ya kweli. Hata Denmark serikali iliwahi kupiga marufuku mtihani wa kikundi kwa sababu hiyohiyo, kisha ikaurudisha. Dawa yao ni ya kawaida: kikundi kinatetea kazi pamoja, lakini kila mmoja anaulizwa kivyake na anapewa alama yake. Mtu aliyelala muhula mzima huwezi kumficha dakika kumi mbele ya watu wawili wanaouliza "kwa nini".

Ninachokuomba ni kimoja, Ndugu Katibu Mtendaji. Miongozo ya Tume iseme waziwazi kwamba programu ya uhandisi inaweza, na baada ya muda ilazimike, kuwa na somo la mradi kila mwaka kuanzia mwaka wa kwanza, lenye uzito wa kueleweka, lisilo na UE kabisa. Chuo kisiwe kinaomba radhi kwa kulianzisha. Mengine yatafuata yenyewe, isipokuwa moja: mhadhiri atakayesimamia vikundi ishirini hatakuwa na muda wa kuandika makala, na kama daraja lake linapandishwa kwa machapisho pekee, atasimamia mwaka mmoja tu na kukimbia. Hilo nalo litazamwe.

Fedha si kisingizio kizuri safari hii. Mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, unajenga majengo na unagusa mitaala. Kwenye majengo hayo wekeni basi vyumba vya sakafu bapa na meza zinazohamishika. Viti vilivyofungwa kwa bolti vikitazama mbele vimeshaamua jinsi somo litakavyofundishwa kabla mwalimu hajaingia.

Tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha SEAP, miaka mitatu ya kumlea mhitimu chini ya mhandisi mzoefu. Ni mpango mzuri na mimi ni mmoja wa wanaolea. Ila sehemu ya muda huo tunaitumia kufundisha mambo ambayo kijana wa mwaka wa pili angeyamaliza Jangwani.

Siku mtakapokaa kupitia miongozo hiyo, msiite maprofesa peke yao. Iteni na watu wa saiti, na fundi mmoja wa mikisa. Mimi nitakuja kwa nauli yangu, na ya fundi nitalipa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa ujenzi na msimamizi wa wanafunzi wa PT,
Dar es Salaam.

Nakala: Msajili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi.