Risala ya Wahitimu wa Usanifu wa Vitambaa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu na kuja kuona vitambaa vilivyotundikwa nyuma yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipoanza mafunzo haya, karibu kila mmoja wetu alichora twiga na mbuyu, kwa sababu ndivyo watalii wanavyonunua. Mwalimu wetu alizikusanya karatasi zile, akatuambia tukaitazame nchi kwanza. Tukapanda gari kwenda Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania.

Kiangazi, maji ya Natron yakipungua, magadi hukauka yakawa gamba jeupe lililopasuka vipande vipande. Katikati ya mipasuko huonekana maji mekundu, yaliyotiwa rangi na viumbe vidogo vinavyostawi penye chumvi nyingi. Mwenzetu mmoja alisimama pale akasema, "Hii si batiki hii?" Katika batiki, nta hupakwa kwenye kitambaa ili kuzuia rangi, na nta ikipasuka rangi hupenya kwenye mipasuko. Tangu hapo, mipasuko ya nta tuliyokuwa tukiikwepa tukaanza kuitafuta. Nta ya nyuki hunyumbulika, bali parafini huvunjika upesi. Tukaongeza parafini, tukakitia kitambaa kwenye maji baridi, tukakifinya, ndipo tukakichovya kwenye rangi nyekundu. Vipande vya kwanza viliharibika: tulifinya mno, nta ikabanduka, wekundu ukajaa kote. Kile cha kushoto kabisa ndicho kilichotufundisha kiasi.

Kitambaa cheusi chenye michirizi myeupe ni Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai. Lava yake hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe ikipata unyevu wa hewa. Kwa hiyo hatukupaka rangi nyeupe. Tulianza na kitambaa cheusi, tukakichubua kwa jiki.

Kile kirefu ni Mchanga Unaohama, karibu na Olduvai: rundo la majivu meusi ya volkano, lenye umbo la mwezi mchanga, linalosukumwa na upepo takribani mita 17 kwa mwaka. Nasi tumelisogeza umbo hilo kidogo kila linaporudiwa, mwanzo wa jora hadi mwisho. Fundi cherehani atapata taabu kulinganisha mikono ya gauni, lakini hatukukubali kulisimamisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maji yetu ya rangi yana kostiki, kemikali kali inayounguza, na hadi leo tunayamwaga kwenye shimo la kawaida. Inatuuma kuisifu ardhi kwa kitambaa huku tukiichafua kwa ndoo. Tunaomba utusaidie kupata matangi ya kuyasafishia.

Pili, pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa ghafi, nasi tunatia rangi vitambaa vya kutoka ng'ambo. Tunaomba utukutanishe na kiwanda cha hapa nchini kitakachotuuzia majora meupe kwa bei ya jumla.

Ombi la mwisho ni usafiri wa siku moja. Kina mama wa Ngare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, walitukaribisha chai na kutuonyesha njia ya kushuka ziwani. Tungependa wao wavione vitambaa hivi kabla havijauzwa mjini.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Usanifu wa Vitambaa