Kusema "sistahili" si unyenyekevu kila mara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya tabia niliyoiona mara nyingi katika uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo hapa Bagamoyo, mji ambao misheni yake ya Kikatoliki ilianza mwaka 1868. Jina likitajwa, mwenye jina husimama, akafumbata mikono na kusema hafai, naye husifiwa kuwa mnyenyekevu, hata kama ni mhasibu mstaafu na kinachotafutwa ni mweka hazina. Mimi mwenyewe niliwahi kuukataa ukatibu kwa maneno hayohayo, ilhali nilichoogopa ni lawama.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, alikuwa na jina jingine kwa jambo hilo. Chini ya nguvu, yaani uthabiti wa moyo mbele ya magumu, mojawapo ya fadhila kuu nne, aliweka ukuu wa roho, yaani fadhila inayomwelekeza mtu kwenye matendo makubwa yanayostahili heshima. Anayejitwika yaliyozidi uwezo wake hukosea kwa kujitumainia kupita kiasi. Anayeyakimbia yale anayoyaweza ana udogo wa roho, na huo nao ni dhambi. Mfano wake ni yule mtumwa wa Injili aliyeifukia talanta ardhini kwa woga.

Fadhila hiyo ya ukuu wa roho Thomas aliikuta kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, ambaye mtu wake mwenye roho kuu hutembea polepole na kusema kwa sauti nzito; hapa pwani, nadhani, tungesema ana maringo. Thomas alilazimika kueleza jinsi ukuu huo unavyopatana na unyenyekevu, na jibu lake ni kwamba mtu hujiona anastahili makubwa anapovitazama vipaji alivyopewa na Mungu, na hujiona mdogo anapoutazama upungufu wake mwenyewe, kwa hiyo mambo yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Bikira Maria katika utenzi wake anautaja unyonge wake na papo hapo makuu aliyotendewa, wala hakumwomba malaika akatafute mwingine.

Napendekeza kwamba katika uchaguzi ujao anayekataa aulizwe kwa upole anapungukiwa na nini hasa: muda, afya au ujuzi. Akiwa na sababu, aachwe kwa heshima. Asipokuwa nayo, akabidhiwe daftari.

Msomaji wenu,
Bagamoyo