Kayaki haiinuliwi kwa misuli ya mikono

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu kayaki, ule mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, niliisoma mara mbili. Nilifurahi kuiona, ila kuna jambo moja siwezi kulinyamazia: eti anayetaka kujiinua pamoja na chombo baada ya kupinduka, bila kutoka ndani yake, aanze kwa kujenga misuli ya mikono. Imani hiyohiyo ilinipotezea miezi 4.

Mimi ni mwanamke wa miaka 52, mwili wangu mdogo. Nilipokuwa najifunza, kila nikipinduka nililivuta kafi chini kwa nguvu zote ili nitoe kichwa nipumue. Bapa, ile ncha pana ya kafi, likazama, nami nikazama nalo. Bega la kulia liliuma hata nikashindwa kuchana nywele.

Mwalimu wangu wa pili, mzee wa maneno machache, alininyang'anya kafi. Alinishikisha ukingo wa bwawa, kayaki imelala ubavu, akataka niirudishe kwa nyonga na goti tu. Kisha akanibanisha leso kati ya sikio na bega: isidondoke mpaka chombo kikae sawa. Ndipo nikaelewa. Kichwa kina uzito wa kilo 5 hivi. Ukikitanguliza, nyonga zinakirudisha chombo kulekule kilikopindukia. Kichwa kitoke mwisho, hata kama mapafu yanalilia hewa.

Ukiwa chini, jikunje mbele, paji la uso likaribie sitaha, kafi lilale sambamba na ubavu. Hapo uso nao unakingika na mawe. Lifikishe bapa juu ya maji, kisha lizungushe kutoka mbele kwenda ubavuni, likiteleza juujuu bila kuchimba. Linapofika ubavuni, vuta juu goti la upande huohuo. Mikono inaongoza tu. Kazi iko kiunoni.

Wawindaji wa Kiinuiti wa Greenland, waliovaa koti la ngozi lililofungwa kwenye tundu la kukalia la kayaki, walijiinua kwa njia nyingi, nyingine bila kafi kabisa. Kwenye maji ya barafu, kutoka chomboni kulikuwa kifo. Mwaustria Hans Eduard Pawlata, anayehesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kuimudu mbinu hiyo, mwaka 1927, alilishika kafi kwenye bapa lake ili upande wa pili ufike mbali zaidi. Alitafuta wenzo, hakutafuta misuli.

Zaidi ya hayo, makala haikugusa kabisa suala la kutoka chomboni, na hilo hutangulia yote. Anayeanza ajifunze kuvuta kitanzi cha sketi inayoziba tundu, ajisukume nje akiwa ameinama mbele, na awe na mtu wa kusimama karibu naye. Katika picha yenu, kijana yule anacheka na sketi imekazwa vizuri, lakini kitanzi kimeingia ndani. Akipinduka, hatakipata. Tafadhali chapisheni picha nyingine, kitanzi kikiwa nje.

Msomaji wenu wa kila wiki