Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kempa Mbili, Milima ya Andalusia na Ile Sidemira

Wanachama wenzangu, habari za siku nyingi, poleni na baridi na shifti za usiku. Najua taarifa ya mwenyekiti huwa mnairuka mpaka kwenye hela halafu mnafunga simu, basi leo naanza na hela kabisa. Safari ya Oktoba ya Andalusia, kusini mwa Hispania, tulikuwa watu 10, kila mtu alitoa euro 495, jumla 4,950. Tumetumia 5,310. Ile 360 iliyozidi imetoka kwenye mfuko wa chama na msimtafute mtunza hazina, nitafuteni mimi, maana yeye alisema mapema tukodi kempa (yale magari ya kulala humo humo) ndogo tatu na mimi nikasema hapana tuchukue mbili, moja kubwa ya kulala sita na moja ya kulala wanne, tunaokoa euro 400. Nikaziokoa kweli. Halafu kampuni ya kukodisha ikakata 640 kwenye depoziti. Hesabu mnaijua.

Sasa niwaeleze ilikuwaje, kwa sababu nimesikia kwenye grupu watu wanasema mwenyekiti aligonga ukuta wa kanisa, si kweli, ulikuwa ukuta wa nyumba tu.

Tulitua Málaga, tukachukua magari, tukaelekea milimani upande wa Cádiz kwenye ile miji ya nyumba nyeupe. Kempa kubwa ilikuwa na urefu wa mita 7.4, leseni ya kawaida ya gari dogo inaruhusu mpaka kilo 3,500 na sisi tulikuwa tumeikaribia hiyo mizani vizuri tu, maji tangi zima, mitungi ya gesi, na kuna mtu (simtaji) alibeba mchele kilo 10 kutoka nyumbani kama vile Hispania hawalimi mpunga. Siku ya pili tukafika Arcos de la Frontera. Ule mji umekaa juu ya mwamba, huku chini mto Guadalete unauzunguka, na hilo neno la Frontera ni mpaka, zamani hapo ndo palikuwa mpaka kati ya Wakristo na Waislamu wa Granada, kwa hiyo miji mingi ya kule imejengwa juu kabisa ili adui apate tabu kupanda. Kupata tabu tumepata. Simu ikasema panda kulia, mimi nikapanda kulia, kona ya kwanza sawa, kona ya pili naona kuta zinasogea, kona ya tatu gari haliendi mbele halirudi nyuma, na nyuma yangu kuna teksi, pikipiki na gari la mikate.

Hapo ndo akatoka mzee mmoja mlangoni kwake na ndala, wala hakuuliza kitu. Akasimama ubavuni mwa gari akawa anapiga bati kwa kiganja, mara moja simama, mara mbili njoo, Kihispania chake sisi hatukijui lakini kile kiganja tulikielewa wote. Mama mmoja akaanza kutoa vyungu vya maua ukutani kimoja kimoja, bila haraka, inaonekana si mara yake ya kwanza. Rivasi dakika 40. Tulipofika chini sidemira, kile kioo cha pembeni, ya kulia ilikuwa inaning'inia kwa waya na ubavuni kuna mchubuko mrefu wa chokaa. Yule mzee akanishika bega, akaitazama kempa toka mbele mpaka nyuma, akatikisa kichwa, akarudi ndani kwake. Nilijisikia mdogo jamani.

Kempa ndogo walikuwa wamepaki chini wakapanda kwa miguu, walikuwa wanakula aiskrimu.

Toka hapo ikawa kila mji tunapaki nje, na kusema ukweli ndivyo inavyotakiwa hata kwa gari dogo. Setenil de las Bodegas tuliacha magari juu tukashuka kwa miguu, kule nyumba zimejengwa chini ya mwamba uliotokeza, ukuta wa mbele ni wa chokaa mweupe lakini dari ni jiwe lenyewe, unakunywa kahawa huku juu ya kichwa una mlima mzima. Dada yetu wa Lamu akasema hawa walikosa hela ya makuti. Ronda tulipita mchana, lile daraja la mita 98 juu ya korongo lilimalizika 1793, picha mmeshaziona kwenye grupu zaidi ya mnavyotaka, naendelea.

Grazalema ilitunyeshea siku mbili mfululizo. Watu mlinilaumu, mkasema mwenyekiti umetuahidi jua la Hispania, lakini mjue ile ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Hispania, mawingu yanatoka bahari ya Atlantiki yanakutana na ile milima kwanza, yanamwaga hapo, ukivuka upande wa pili pakavu. Ndiyo maana kuna ile miti ya pinsapo, jamii ya misonobari ya zamani sana ambayo imebaki kwenye milima michache tu ya kusini mwa Hispania. Siku ya tatu mvua ikakatika, wa kempa ndogo wakapanda barabara ya mlimani ya Puerto de las Palomas, wakakuta tumbusi wanaelea chini yao. Chini yao, siyo juu. Sisi wa kempa kubwa tulizunguka kwa barabara ya chini kwa sababu dereva (mimi) alikuwa bado anatetemeka.

Kuhusu kulala nje ya kambi, hili lisikike vizuri kwa sababu nusura litugharimu. Kule Hispania gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake tu, hakuna kitu kimetoka nje, hilo limepaki, hata kama ndani watu wanakoroma. Ukitoa meza, kiti, au ukafungua lile turubai la pembeni, umepiga kambi, na hiyo ni habari nyingine. Halafu kila mji unaweza kuweka sheria zake, na kwenye hifadhi usijaribu kabisa. Sasa sehemu moja karibu na bwawa jioni mandhari ni nzuri, watu wakatoa viti vinne na meza na chupa ya chai, dakika kumi haikuisha askari hao. Walikuwa wastaarabu, wakaonyesha viti kwa kidole, wakaonyesha gari, tukaelewa, chai tukaimalizia ndani magoti yamegongana. Tungeweza kupigwa faini. Na wale waliotaka kumwaga maji ya choo porini usiku ule nawajua wote wawili, kaseti ya choo, kile kisanduku cha uchafu, inamwagwa sehemu yake basi, chama hiki hakitafahamika kwa hilo.

Granada nina kosa lingine. Tiketi za Alhambra, ile ngome yenye makasri ya wafalme wa Kiislamu wa zamani, nilidhani tunanunua getini kama mbugani. Zinaisha wiki nyingi kabla, na zinaandikwa jina na namba ya kitambulisho cha kila mtu, na kwenye yale makasri ya ndani unapewa saa yako ya kuingia kabisa. Tukaishia kuiangalia kutoka ng'ambo, kwenye uwanja wa kutazamia mandhari wa Mirador de San Nicolás, ambapo kando yake kuna msikiti uliofunguliwa 2003, wanachama wetu wakaswali pale, na bustani yake inatazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde. Waliotoka wakasema wamefidiwa. Mimi najua wananifariji.

Lakini kama kuna kitu kimoja kilichonifanya nisijutie hii safari ni Alpujarra, upande wa kusini wa Sierra Nevada, chini ya Mulhacén, mita 3,479, mlima mrefu kuliko yote bara la Hispania, na hilo jina limetokana na Muley Hacén, mmoja wa wafalme wa mwisho wa Granada. Tulipaki kijiji cha Capileira siku nne. Siku nne sehemu moja, kwa sababu kempa kubwa nilikataa kuisogeza hata mita. Na hapo ndo watu walianza kufurahi.

Nyumba za kule paa ni bapa, wanamwaga udongo wa kijivu juu unaoshindilika hauvuji, ukitazama kijiji toka juu unaona ngazi za paa. Na maji kila mahali, unasikia usiku ukiwa umelala. Asubuhi tukafuata mfereji mmoja juu ya kijiji, wao wanaita acequia, neno la Kiarabu hilo, imechimbwa tangu enzi za Waislamu, na iko ya aina mbili, kuna ya kumwagilia mashamba moja kwa moja na kuna ile ya juu kabisa ambayo kazi yake ni kuchukua maji ya theluji ikiyeyuka na kuyatawanya kwenye mteremko ili yazame ardhini polepole, halafu kiangazi yanatokea huko chini kama chemchemi. Unaona akili hiyo? Mlima wenyewe ndo tangi. Mingi ilikuwa imekufa vijana walipohamia mjini, siku hizi watu wa Chuo Kikuu cha Granada na wanaojitolea wanaifukua upya kwa majembe.

Mwenzetu wa Rombo alikuwa kimya njia nzima. Tukafika penye kizuizi, kibati kidogo kimezibwa na majani na matope, akachuchumaa, akatoa tope kwa mkono, akazungusha kile kibati kidogo tu akasikiliza maji, akakirudisha kama kilivyokuwa. Akasema huu ni mfongo, mfereji wa maji wa Wachagga. Kwao ukoo ulikuwa na zamu yake, na babu yake alikuwa anaamka saa nane usiku na taa ya chemli kwenda kufungua maji, na ukimkuta mtu kakuibia zamu kesi inafika mbali. Tukakaa pale karibu saa nzima anaelezea, mpaka mkulima mmoja wa pale akaja kuona hawa ni akina nani wanashika bati lake. Wakaelewana kwa mikono tena. Yule mkulima akatupa chestinati, kokwa za mti wa kule, mfuko mzima, zilikuwa zinaanguka msimu ule, tukazikaanga kwenye kempa zikawa zinalipuka kama risasi kwa sababu hakuna aliyejua kwamba unazipasua kwanza.

Dada wa Lamu naye alikuwa na daftari la maneno, sukari ni azúcar, zeituni ni aceituna, zafarani ni azafrán, msikiti mezquita, upande mwingine meza ni mesa na bendera ni bandera, hizo sisi tulizitoa kwa Wareno. Mpaka siku ya mwisho alikuwa anaagiza chakula kwa kubahatisha na anapata. Isipokuwa nguruwe. Trevélez, mita 1,476, ni mji wa mapaja ya nguruwe, yanakaushwa kwa upepo wa mlima na yananing'inia dari nzima kama mikungu ya ndizi, na chakula cha kule karibu kila sahani wanakitia. Wasiokula walishindia viazi na pilipili hoho na mayai, na ule mchele kilo 10 niliousema mwanzo ndo ukatuokoa, namwomba msamaha aliyeubeba.

Kwa hiyo mapendekezo ya kamati ya mwaka ujao, mtayapigia kura Jumamosi: kempa zisizozidi mita 6 hata kama zinaongeza gharama, vituo viwili tu kwa siku kumi badala ya vituo saba, na tiketi zinunuliwe mara tu tarehe zikipangwa, kila mtu atume namba yake ya pasipoti kwa katibu siyo kwenye grupu. Wenye pasipoti za nyumbani wanaotokea Uingereza waanze mambo ya viza mapema. Mimi nimejitoa kwenye kamati ya magari kwa hiari yangu, hakuna aliyenisukuma, na nitalipa 200 mfukoni mwangu kwenye ile 360, nimeshaongea na mtunza hazina amekubali haraka sana.

Mwisho, sufuria kubwa la chama, lile la mfuniko wa bluu, halijarudi tangu tushuke kwenye kempa ndogo. Aliye nalo alilete Jumamosi kabla ya saa sita, ndo la kupikia siku hiyo.