Kabla hatujamchoma ng'ombe wako sindano ya joto
Wafugaji wengi wanaotupigia simu huanza na ombi moja: "Njooni mnichomee sindano ya joto, ng'ombe wangu hapandi." Tunakuja, lakini hatuchomi mpaka tumpime kizazi, na tunaomba mtuelewe.

Ng'ombe huingia kwenye joto, yaani hali ya kuwa tayari kupandwa, kila baada ya siku 21 hivi, wengine 18, wengine 24. Yai likishatoka kwenye ovari (kokwa la mayai), pale lilipotoka huota kiuvimbe cha njano kinachotengeneza projesteroni, homoni inayotuliza kizazi kisubiri mimba. Maadamu ipo kwa wingi, hutaona joto. Asiposhika mimba, karibu siku ya 17 kizazi humwaga homoni nyingine, prostaglandini, nayo hukiyeyusha kiuvimbe kile. Projesteroni hushuka, kifuko cha yai jipya hukomaa na kutoa estrojeni, homoni inayoleta joto. Ndipo anaposimama kupandwa na wenzake, huku ute mwangavu ukining'inia nyuma.

Sindano ya joto ni prostaglandini hiyo hiyo. Kazi yake ni kuyeyusha kiuvimbe, basi. Ikichomwa siku 5 za mwanzo baada ya joto, kiuvimbe bado kichanga na hakiitikii. Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa, ovari zikiwa zimelala, hana cha kuyeyushwa. Huyo anahitaji kwanza pumba, mashudu, majani mazuri, madini na maji ya kutosha. Na kama ana mimba changa usiyoijua, ataitupa. Kwa hili la mimba hatukubali kubahatisha, hata mwenye ng'ombe akisisitiza vipi.

Tukikuta kiuvimbe kimekomaa tunachoma, na joto hutokea kati ya siku ya 2 na ya 5. Siku hizo kesha naye ukiweza, maana joto hudumu saa 12 hadi 18 tu na wengi huonyesha usiku. Yai hutoka saa 10 hadi 12 hivi baada ya joto kwisha. Ukimwona asubuhi, tupigie papo hapo tumhimilishe (tumpandishe mbegu kwa mrija) jioni. Ukimwona jioni, tutakuja asubuhi.

Dawa hii hupenya ngozi. Mama mjamzito na mwenye pumu wasiiguse kabisa, hata chupa tupu.

Ukipiga simu, uwe na tarehe aliyozaa, joto la mwisho uliloliona, na siku aliyohimilishwa au kupandwa na dume.